Kadi ya Shemeji

Shemeji yangu Jovitus alinisindikiza kutoka msibani akasahau kurudi kwao.

Tulimzika mume wangu, Alexander Rutashobya, mwezi wa saba, huko Kamachumu, katika shamba la migomba la baba yake, mahali alipotaka mwenyewe. Siku ya kuondoka, Jovitus, ambaye ni kaka yake mkubwa, akasema mjane hasafiri peke yake. Akapakia begi moja, akampakia na mke wake Evelina, wakanileta mpaka Mwanza, nyumbani kwangu Bwiru. Wiki moja tu, alisema, mpaka uzoee. Nilimshukuru, tena kwa machozi. Enzi za kivuko, mtu wa kwetu akija Mwanza alikaa pale Busisi kusubiri zamu mpaka akajiuliza kama safari yenyewe ina maana, na wapo waliogeuza. Sasa kuna daraja, unavuka kabla hujamaliza kufikiri. Silaumu daraja, ila kivuko kilikuwa kinatuchujia wageni.

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mitatu. Jovitus akahamia kwenye kiti cha Alexander barazani, kile kinachotazama ziwa, akaagiza nguo zake zilizobaki Kamachumu. Halafu asubuhi moja, bila hata kunitazama, akasema:

"Mama Rachel, ukoo umeona ni vizuri ukapumzike nyumbani, karibu na kaburi. Mimi na Evelina tutabaki hapa tuangalie nyumba."

Ukoo ni neno tamu sana mdomoni mwa mtu anayeogopa kusema "mimi".

Nyumba hiyo tuliijenga watu wawili. Alexander alikuwa mpima ardhi, mimi nesi mkunga, miaka thelathini na moja wodini. Matofali ya ukuta wa nyuma niliyamwagilia maji mimi, kila jioni nikitoka zamu, na sare yangu nimeikunja magotini. Hati ina majina yote mawili. Sheria iko upande wangu, na binti yangu Rachel aliyeko Dodoma alinisomea vifungu vyote kwenye simu. Lakini sheria inajua kumwondoa mvamizi wa kiwanja. Haijui la kufanya na shemeji aliyevua viatu, akakaa mezani, akaomba chumvi. Nikimshtaki yeye nimeushtaki ukoo mzima, na mimi bado nilitaka kwenda kupalilia kaburi la mume wangu bila watu kunipa mgongo. Kwa hiyo nilinyamaza, nikacheza gemu.

Gemu yenyewe aliniwekea Rachel kwenye kishikwambi changu baada ya mazishi, alipoona nakataa chakula. Unapewa kisiwa kitupu ujenge mji. Hakuna vita, hakuna kushindana na mtu. Unapanda mti, unachimba bwawa, unaweka benchi, tanuri la mikate, taa ya njiani, halafu unasubiri. Pembeni mwa msitu wanatokea viumbe wadogo wa ajabu, wanachungulia. Kila kiumbe ana kadi yake, na kwenye kadi kuna nafasi nne za vitu anavyovipenda. Vitatu vimechorwa. Cha nne kimefunikwa kwa alama ya kuuliza, na lazima ukigundue mwenyewe kwa kumtazama anavyoishi. Akiona mji wako una mambo yake, anahamia, anajenga kibanda, anaanza kukuletea maua mlangoni. Majina yao yalikuwa ya Kizungu cha kuvunja ulimi, nikawabatiza upya. Kulikuwa na mmoja mweupe mwenye kitambaa cheusi kichwani, nikamwita Sista. Kulikuwa na wa kijani anayelia bila sababu kutwa nzima, nikamwita Wodi Tatu.

Sioni aibu kusema kwamba mji ule ulinirudishia akili. Nilikuwa nimezoea kuamka na kuulizwa na mtu nataka nini. Alexander alipoondoka, hakuna aliyeuliza kitu nyumbani kwangu isipokuwa chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Kwenye kioo kile kulikuwa na viumbe waliofurahi kwa sababu nimeweka benchi chini ya mti.

"Mjane anacheza na wanyama wa kwenye kioo," Jovitus aliwaambia ndugu kwenye simu, kwa Kihaya, akiwa hatua tatu kutoka kwangu, kana kwamba Kihaya nimekiacha darajani. "Akili imeyumba. Hafai kuachiwa nyumba."

Hapo nilielewa kwamba hata kucheza kwangu ameshakutia kwenye mahesabu yake. Nikaendelea kucheza mbele yake, na sauti nikaiongeza.

Mwezi wa kumi akahamia mjini kwangu kiumbe mnene mwenye tarumbeta. Nikamwita Mwenyekiti. Kazi yake ilikuwa kupita bustani hadi bustani akila maboga ya wenzake, na akishiba anapiga tarumbeta. Sista akafunga virago akahama. Wodi Tatu akazidisha kilio. Nilitafuta kitufe cha kumfukuza yule mnene, nikatafuta mpaka macho yakaniuma, nikampigia Rachel.

"Hakuna, mama," akasema. "Kwenye hiyo gemu humfukuzi mtu. Unaondoa kilichomleta. Vyote vinne. Kikibaki hata kimoja, hatoki."

Basi nikaanza. Nikafukia bwawa lake la matope, nikang'oa maboga, nikabomoa jukwaa la mbao alilolipenda. Mwenyekiti akanuna, wingu dogo likatanda juu ya kichwa chake, lakini hakutoka. Nilimfuatilia siku mbili nzima ndipo nikaona kwamba kila saa alikuwa anapita chini ya kengele ya shule ili imlilie juu ya kichwa. Nikaitoa kengele. Akasimama pale palipokuwa na kengele, akatazama juu, akaenda kuchukua kifurushi chake, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka akapotea msituni.

Nilikiweka kishikwambi chini. Nikamtazama Jovitus barazani, kwenye kiti, na miguu ameipandisha kwenye ukuta nilioumwagilia maji. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nikasikia njaa, njaa hasa, ya mtu mzima.

Nilichukua kadi tupu ya kliniki, moja ya zile zilizobaki kwenye droo yangu tangu nistaafu. Juu nikaandika: Jovitus. Chini nikachora nafasi nne. Ya kwanza, ndizi. Ya pili, taarifa ya habari. Ya tatu, kiti. Ya nne sikuijua, nikaweka alama ya kuuliza.

Nilianza na ndizi. Mtu wa kwetu asipokula ndizi hajala, hata kama ameshiba. Siku hiyo nilisonga ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, mweusi, mzito, wenye harufu yake, nikaweka na dagaa. Jovitus aliutazama kama mtu aliyeletewa barua ya kuhamishwa kazi.

"Mama Rachel, ndizi zimekwisha?"

"Zimekwisha, Shemeji."

"Na sokoni?"

"Sokoni zipo."

Nikamwongezea dagaa. Kwenda sokoni mwenyewe hakuweza, maana mwanamume wa cheo chake akionekana pale Kirumba amebeba mkungu, habari ingefika Kamachumu kabla ya ndizi kuiva. Akala udaga. Siku ya pili akala. Nilikubali moyoni kwamba mzee ni mgumu.

Nikaenda kwenye taarifa ya habari. Nilichomoa kadi ya king'amuzi nikaifungia kwenye kabati la dawa, kati ya spiriti na bandeji. Jovitus akahangaika na rimoti jioni nzima. Kesho yake akaanza kusikiliza habari kwenye simu, sauti ya mwisho, simu ameishikilia sikioni kama anayesubiri kuunganishwa na waziri.

Kiti nilikipeleka kwa fundi seremala. Fundi alikigeuza huku na huku, akaniuliza kina tatizo gani.

"Kinakaliwa," nikamwambia. Tukakubaliana asiharakishe.

Jovitus akahamia kwenye jabali nyuma ya nyumba. Alikaa pale na mto wa sebuleni chini ya makalio, pimbi waliozoea kuota jua hapo wakampisha kwa hasira, na kwa siku tatu alitazama ziwa kutoka juu kama vile hilo ndilo alilokuwa analitaka siku zote. Hatoki. Usiku alilala vizuri, na mimi nilimsikia akikoroma kupitia ukuta.

Wakati huo Evelina alikuwa ameanza kukaa karibu nami. Kwanza alijifanya anachambua mchele. Halafu akawa anachungulia.

"Huyu mwenye masikio marefu anatafuta nini?" aliniuliza siku moja.

"Anatafuta mahali penye kivuli na maji. Mwekee wewe."

Akaweka kidole kwenye kioo kwa woga, akachimba kisima. Yule mwenye masikio akaja mbio. Evelina akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia miezi yote hiyo, halafu akafuta kidole kwenye khanga.

"Migomba yangu imeliwa na nyasi," akasema polepole. "Niliacha mbuzi amekaribia kuzaa. Niliambiwa wiki moja. Ma Kokugonza, mimi sijaulizwa kitu tangu tuvuke daraja." Ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina langu.

Nilikuwa nimemkasirikia na yeye, sitaki kudanganya. Nilimhesabu pamoja na begi. Jioni hiyo nilimuomba radhi, tukachimba visima vingine viwili.

Ni Evelina aliyenionyesha nafasi ya nne, na hakujua kama ananionyesha. Alikuwa anafua, akageuza mfuko wa suruali ya mume wake, zikamwagika buni kwenye karai, konzi nzima.

"Tazama," akasema. "Kila nikifua. Hata hazitafuni."

Niseme kidogo kuhusu kahawa hiyo. Kwetu mgeni hupokelewa na kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa. Mwenye nyumba huleta kikapu kidogo, huchukua moja akaitafuna yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa. Kabla ya hapo mgeni hajafika, hata kama ameshakaa saa nzima. Na mwanamke akimpelekea mkubwa, hupiga magoti. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo, na kila asubuhi tangu turudi kutoka msibani nilimpigia magoti kaka mkubwa wa mume wangu na kikapu mkononi. Sikuwahi kuliona kama jambo. Magoti yangu yalikwenda yenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kama kawaida, ila safari hii nilimtazama, kama nilivyomtazama yule mnene wa tarumbeta. Jovitus hakunyoosha mkono mara moja. Aliniacha pale chini, akatazama ziwa juu ya kichwa changu, akavuta pumzi, na uso wake ukatulia kabisa. Halafu akachukua buni, yeye kwanza, kabla sijatafuna yangu, akaitia mfukoni. Nikajaribu kukumbuka ni lini alianza kuchukua kwanza. Sikukumbuka. Huenda ilikuwa wiki ya pili. Kwa miezi minne nilikuwa namkabidhi nyumba yangu kila asubuhi, kabla ya chai, kwa magoti yangu mwenyewe.

Hasira niliyoisikia siku hiyo sikuwahi kuisikia hata siku ya kifo. Nilikwenda chumbani nikajaza nafasi ya nne: magoti yangu.

Kesho yake nilitoka barazani mikono mitupu.

"Shikamoo, Shemeji," nikasema, nimesimama wima.

"Marahaba." Hakunitazama usoni, alitazama magoti yangu. "Mgongo unauma?"

"Hauumi."

"Magoti?"

"Mazima."

"Basi kahawa?"

"Kahawa ipo ndani."

Akasubiri. Nikamuuliza kama amelala vizuri, nikaenda zangu kumwagilia mchicha. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa yake. Udaga aliuvumilia, habari alizivumilia, jabali alilizoea. Hili hakuliweza. Aliacha kukoroma. Alianza kutembea uani huku na huku, akihesabu watu kwenye simu: nani anaweza kuja, nani atalipiwa nauli. Siku ya tisa akanitangazia kwamba Jumamosi kutakuwa na kikao cha ukoo hapa hapa Bwiru, na mimi nijiandae kusafiri kitakapokwisha.

Walifika saa sita mchana kwa gari la kukodi, wanaume saba. Aliyewaongoza ni Ta Projest, yaani Mzee Projest, baba mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa ukoo, mzee wa miaka themanini na moja. Msije mkadhani alikuja kunitetea. Siku mbili kabla alikuwa amenipigia simu kunieleza, kwa sauti ya kufunga mjadala, kwamba Kamachumu kuna hewa nzuri. Ta Projest hakuwa upande wangu wala upande wa Jovitus. Alikuwa upande wa utaratibu. Huyu ndiye aliyewahi kusimamisha harusi nusu saa kwa sababu kibuyu cha pombe kiliingizwa na mkono wa kushoto. Nyuma yake alikuja Venant, binamu, mwalimu wa sekondari, na daftari kubwa la muhtasari. Sisi Wahaya hata ugomvi wa kuku una muhtasari.

Niliwasalimia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nimesimama. Sebule ikapata ubaridi. Ta Projest alinipa kikopo cha senene, wale panzi wa kukaanga, maana ulikuwa msimu wake, na mimi nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikabaki nimesimama.

Jovitus hakupoteza muda. Aliweka kishikwambi changu katikati ya meza kama kidhibiti cha mahakamani. Wodi Tatu alikuwa analia kwenye kioo.

"Wazee wangu," akaanza, "mmeyaona wenyewe. Salamu ameacha. Chakula cha kwao hapiki. Kiti cha marehemu amekitoa nje ya nyumba. Kutwa anajengea nyumba vitu hivi. Ninasema kwa uchungu, mke wetu huyu anahitaji kutunzwa, na nyumba inahitaji mtu."

Venant akafungua kalamu. Ta Projest akainua mkono.

"Jovitus, unasema nini na kikao hakijafunguliwa? Hatujapokelewa."

Jovitus akamkonyeza Evelina. Evelina akaenda jikoni, alijua kikapu kinapokaa, akarudi, akapiga magoti mbele ya mzee. Ta Projest hakunyoosha mkono.

"Evelina, mwanangu, nyumba hii ni yako?"

"Hapana, Baba."

"Basi inuka." Akamgeukia Jovitus. "Ni yako?"

"Mimi nipo hapa kwa niaba ya ukoo."

"Ukoo hauna meno. Kahawa hutafunwa kwanza na mwenye nyumba. Nauliza nani atatafuna ili tuanze. Tumetoka mbali."

Wazee wote saba walikuwa wanataka jambo moja tu, kikao kianze, na ili kianze ilibidi mtu mmoja ataje mwenye nyumba. Hakuna aliyetaja. Lakini macho yao, moja moja, kwa mazoea tu, yalinigeukia mimi.

Nilikichukua kikapu kutoka kwa Evelina, nikavuka sebule, nikasimama mbele ya Jovitus.

"Kahawa ni ya wageni," nikasema. "Nimekaa na Shemeji miezi minne, nampa kila asubuhi, sasa nimechanganyikiwa nimpe kama nani. Aniambie mwenyewe mbele yenu."

"Mama Rachel, usituaibishe."

"Sijamwaibisha mtu, nimeuliza. Kama wewe ndiye mwenye nyumba, shika kikapu. Tafuna kwanza, utugawie wote, na mimi nitakuwa mgeni wako wa kwanza. Jioni nitapanda gari na wazee bila neno. Kama siyo, sema wewe ni nani."

Nikamnyooshea kikapu. Buni zilikuwa zinacheza humo ndani, kila mtu alizisikia. Niliogopa. Nilikuwa nimeiweka nyumba yangu yote kwenye kile kikapu, kuta, bati, hati na miaka yangu thelathini na moja, na mtu aliyekuwa akiitaka alihitaji kunyoosha mkono tu. Lakini nilijua pia kitu ambacho kila mtu mle ndani alikijua. Kwetu, ndugu anayetafuna kwanza katika nyumba ya marehemu amesema hadharani kwamba kifo kile alikuwa akikingoja. Mimi nikiwa magotini, barazani, asubuhi, bila watu, hilo lilimwezekana. Hapa kulikuwa na wazee saba na daftari.

Mkono wake uliinuka. Nikauona. Ulifika nusu ya njia, vidole vimeachana tayari, halafu akamtazama Ta Projest, akatazama na picha ya Alexander ukutani, na mkono ukarudi gotini.

"Mimi ni mgeni," akaiambia sakafu.

"Sijasikia."

Nilikuwa nimesikia. Nilitaka Venant naye asikie.

"Mimi ni mgeni," akasema Jovitus, kwa sauti.

Nikachukua buni nikaitafuna, nimesimama, taratibu, mpaka uchungu wake ukaenea mdomo mzima. Kisha nikampa yeye, nikampa Ta Projest, nikawazungushia wengine. Jovitus aliitafuna yake. Nadhani ilikuwa ya kwanza kuitafuna tangu aje.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Ta Projest, akijifuta midomo. "Venant, agenda."

"Agenda ya kwanza, hali ya mjane na hatima ya nyumba."

"Imeletwa na nani?"

"Ta Jovitus."

Mzee akatafuna kidogo akifikiri.

"Mgeni haleti agenda juu ya nyumba ya mwenyeji wake. Haijapata kutokea. Inayofuata?"

Venant akageuza ukurasa mbele, akaurudisha nyuma. Hakukuwa na inayofuata.

Mmoja wa wazee akauliza kwa heshima kama kuna chakula. Nikamwambia upo ugali wa udaga, tena wa kutosha. Wakakumbuka kwa pamoja kwamba safari ni ndefu na ni vizuri kuvuka Busisi kukiwa na mwanga. Jovitus aliingia chumbani kufungasha, akakuta mabegi yameshafungwa. Evelina alikuwa ameyafunga tangu Alhamisi, na sasa alikuwa amekaa ndani ya gari, kiti cha dirishani, mkoba mapajani. Nilikwenda dirishani kumuaga. Aliniuliza kama ile gemu inaweza kuingia kwenye simu yake ndogo. Nikamwambia Rachel atamtumia.

Niliporudi sebuleni Venant alikuwa anamalizia muhtasari, maana hata kikao kisicho na agenda huandikwa. Nikamwambia anisomee.

"Kikao kilifanyika Bwiru, Mwanza, nyumbani kwa marehemu Alexander Rutashobya. Wajumbe walipokelewa na mjane wa marehemu."

"Kata hapo."

"Wapi, Mama?"

"Marehemu haishi hapa. Tumemzika Kamachumu, wewe mwenyewe ulishika koleo. Andika: nyumbani kwa Kokugonza. Wajumbe walipokelewa na Kokugonza, mwenye nyumba."

Akainua macho kumtafuta Ta Projest, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu. Nikamwambia asimtazame Ta Projest, atazame karatasi. Akakata mstari, akaandika upya, na mimi nilisimama nyuma ya kiti chake mpaka nikaona herufi ya mwisho.